Miaka Yangu Chini ya Taa ya Baruti

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ile nililala kifudifudi sakafuni, mbele ya watu ambao hata majina yao nilikuwa sijayajua. Ilikuwa Louisville, Marekani, upande wa South End, katika jengo refu la matofali nyuma ya duka la matairi. Nilikuwa nimekaa mezani nachambua maganda ya risasi, yenye ufa huku na mazima kule, mara mlio mkubwa ukasikika nyuma ya ukuta. Mwili wangu haukuniuliza. Nilijikuta chini ya meza, mikono kichwani, trei nzima ya maganda imenimwagikia mgongoni.

Aliyekuja alikuwa Fundi Mkuu, mzee wa Kizungu mwenye masharubu meupe na sikio moja lililokufa kwa kelele za kazi. Hakuniambia niinuke. Alishika ukingo wa meza, akajishusha taratibu huku magoti yakilia, akakaa sakafuni kando yangu.

"Huo ni mlio wa chumba cha majaribio," aliniambia. "Tunapiga risasi kwenye sanduku la mchanga ili kupima mwendo wake. Hakuna mtu anayepigwa. Wewe umetoka wapi, Domitila?"

Nikamwambia nimezaliwa Burundi, nimekulia kambini Tanzania. Hakuchimba zaidi. Alisema tu, "Kuanzia leo, kabla ya kupiga nitakuja kugonga meza yako. Ukisikia nimegonga, ujue mlio unakuja."

Na kweli aligonga, kwa miaka yote niliyokuwa chini yake, hata siku alizokuwa na haraka, hata siku tulizokuwa tumekosana.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana, maana naona sasa na watoto wetu wanajiunga na vilabu vya shabaha, na wengine wameanza kujaza risasi zao wenyewe nyumbani kwenye gereji. Sisemi msifanye. Nasema mjue kazi hii ilifanywaje na watu walioifanya kwa hofu, kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyowarudisha wengi nyumbani wazima.

Niliingia bila kujua ni kazi gani. Mgongo wangu ulikuwa umeharibika kwa kubeba maboksi ghalani, na dada mmoja wa kanisani akaniambia kuna mahali wanatafuta watu wa kuchambua shaba, kazi ya kukaa, shifti ya mchana, basi linapita mlangoni. Nilidhani ni vifaa vya mabomba ya maji. Jioni ya siku ile ya kwanza mume wangu Bahati, Mkongomani wa Fizi, aliniuliza ni shaba ya nini, nami nikamwambia.

Akaweka kijiko chini. "Domi, weye unajua baba yangu alikufa na nini. Donc leo muke wangu ndiye anatengeneza masasi?"

"Ni za michezo, baba Neema. Watu wanapiga karatasi."

"Bon. Karatasi." Alitazama sahani yake. "Masasi haijue kama hii ni karatasi ao ni mutu."

Nilikusudia kukaa pale mpaka mgongo upone tu, kisha nitafute kwingine.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Risasi kamili ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba, ambalo likishapigwa huanguka chini na linaweza kutumika tena. Kuna fataki, kidude kidogo kama kifungo kinachokaa kwenye tako la ganda. Nyundo ya bunduki ikikigonga, kinatoa cheche. Kuna baruti ndani ya ganda. Na mbele kuna kichwa, kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Mlenga shabaha wa mashindano hataki risasi za dukani, kwa sababu anataka ya kwanza na ya mwisho zifanane kabisa. Basi vilabu vilikuwa vikituletea maganda yao kwa magunia. Tuliyaosha, tukayakagua, tukatoa fataki iliyoungua, tukayarudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya kubana, tukatia fataki mpya, baruti na kichwa. Ukilisikia hivyo ni jambo jepesi. Ubaya wake ni kwamba kila hatua ina namna yake ya kumuumiza mtu ambaye hutamwona kamwe.

Kabla ya kufika kwenye baruti, kilichoanza kuninyima amani kilikuwa vumbi. Kiswahili chetu kinaita madini na kitu kinachopigwa kwa jina moja, risasi, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Vumbi la maganda yaliyotumika linayo. Fundi Mkuu alitufundisha kunawa mpaka viwikoni, kubadilisha nguo kazini, kutokula chochote mezani. Nilivyosikia neno watoto, nilipata wazimu. Neema wangu alikuwa bado anatambaa. Nilikuwa nikifika kwenye apatimenti yetu ya mtaa wa Newburg navua viatu nje ya mlango, navua nguo nyuma ya mlango, naoga, halafu ndipo namgusa mtoto, naye muda wote huo analia akininyooshea mikono. Bado sikuamini. Nikampeleka kliniki apimwe damu. Siku za kusubiri majibu nilikuwa nanawa kifua kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha. Majibu yalirudi safi. Muuguzi aliponieleza kwa simu nilimwomba arudie, kisha nikamwomba tena, mpaka akaniuliza kama Kiingereza changu kinanitosha.

Baada ya mwaka hivi, Fundi Mkuu alinihamishia chumba cha baruti. Hicho kilikuwa chumba kidogo, hakina redio, hakina simu, na mlangoni kulikuwa na kipande cha chuma cha kushika ili umeme wa mwilini ushuke ardhini kabla hujaingia. Mashine ilikuwa inadondosha baruti ndani ya maganda yaliyosimama kwenye trei, halafu trei inawekwa chini ya taa yenye shingo ndefu. Kazi yangu ilikuwa kuinama na kutazama ndani ya kila ganda, moja baada ya jingine, kabla ya kichwa kutiwa.

"Unatafuta mambo mawili," Fundi Mkuu aliniambia. "Ganda lililopata baruti mara mbili, na ganda ambalo halikupata kabisa. La kwanza linapasua bunduki papo hapo. La pili ndilo la hila."

Hilo la hila sisi tuliliita risasi bubu. Haina baruti, lakini fataki inalia, na nguvu ya fataki peke yake inakisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu, kinakwama humo. Mpigaji anasikia mlio mdogo, kama mtu amefunga kabati. Akisimama hapo, hakuna lililoharibika. Akivuta tena, risasi ya pili inakikuta kichwa cha kwanza kimeziba njia, na chuma kinapasukia mikononi mwake, karibu na uso wake.

"Na mimi nikipitiwa?" nilimuuliza.

"Ukihisi umepitiwa, mwaga trei yote uanze upya. Hakuna atakayekuuliza."

Nilimwaga trei nyingi. Nilikuwa nikipiga chafya, namwaga. Nikikumbuka mtoto ana homa, namwaga. Wenzangu walinicheka, yeye hakucheka hata siku moja.

Mgongo ulipona, nami sikuondoka. Nikiulizwa sababu, nadhani ni hii: niliogopa kwamba atakayekuja badala yangu hataogopa.

Neema alipofika darasa la tano, kampuni ilifungua tawi Columbus, karakana ya kutengeneza bunduki za mashindano, na meneja akanitaka niende. Bahati alipata kazi ya ghala huko huko, tukahama. Kule nilijifunza chini ya Fundi wa Bunduki, mwanamama mnene asiyependa maneno, ambaye alikuwa ananipa bastola iliyofunguka vipande na kuniacha nayo mpaka niielewe. Nilijifunza kusafisha mtutu kwa fimbo na kitambaa, kuanzia nyuma kwenda mbele ili nisikwaruze mdomo wake. Nilijifunza kuzitambua springi zilizochoka, kupima uzito wa kifyatuo, yaani kile kidude kinachovutwa na kidole, na kuutafuta ufa kwa ncha ya ukucha mahali ambapo jicho halioni. Walenga shabaha wa mashindano hupiga mno, na chuma huchoka kama mtu.

Siku za mashindano tulikuwa tunapiga hema pembeni mwa uwanja, bunduki ya mteja ikigoma tunaitengeneza hapo hapo. Sheria ya uwanjani ni moja: anayesimamisha mpigaji ni msimamizi wa uwanja peke yake. Fundi anakaa hemani.

Basi Jumamosi moja alikuwa anapiga mteja wetu mkubwa, bwana mmoja mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa amejiandaa mwaka mzima kwa ajili ya siku ile. Yale mashindano ni ya mwendo. Mtu anakimbia kutoka shabaha hadi shabaha, saa inamhesabia. Nilikuwa nasikiliza, kama nilivyokuwa nasikiliza siku zote, nayo milio ilikuwa inafuatana sawasawa, kisha mmoja ukaja mdogo. Sikufikiri. Nilitoka hemani nikapiga kelele, "Simama! Simama!" kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Yule bwana aliganda. Msimamizi akamfikia, akaitoa risasi kwenye chemba, tundu risasi inamokaa kabla ya kupigwa, akapitisha fimbo kwenye mtutu.

Fimbo ikapita mpaka upande wa pili. Mtutu ulikuwa mtupu.

Labda upepo uliuchukua ule mlio. Labda lilikuwa bati la shabaha. Mpaka leo sijui. Yule bwana alinitazama, wala hakutukana, akavua viziba masikio vyake na kuondoka uwanjani. Meneja wa Columbus aliniita Jumatatu.

"Unajua umemfanya nini yule mtu?"

"Nilisikia mlio mdogo, bwana."

"Hukusikia. Ulifikiri umesikia. Hofu yako ni yako, Domitila, usiivalishe wateja wangu. Kuanzia sasa ukiwa uwanjani, mdomo wako ufunge."

Nilirudi nyumbani nimeamua kuacha kazi. Nilimweleza Bahati yote, nikitarajia afurahi kwamba mambo ya masasi yameisha. Alikuwa anamenya viazi.

"Ule mutu alirudi kwake?"

"Alirudi."

"Na mikono yake mbili?"

"Nayo."

"Bon." Akaweka kisu. "Kwetu siku ile baba alikufa, hakuna mutu mumoja alipiga kelele. Bote balisikia, bote balinyamaza, bakasema pengine ni kitu ingine. Weye ulipiga kelele. Donc ni nini unalilia?"

Sikuacha kazi. Lakini sitawaficha kwamba baada ya hapo nilikuwa nikisimama uwanjani nasikiliza kila mlio na kujiambia kila mara, pengine ni kitu kingine.

Buffalo ulikuwa uhamisho wangu wa pili kutoka mwisho. Neema alikuwa ameanza chuo huko, na kampuni ilikuwa na karakana ndani ya uwanja wa shabaha wa ndani, kwa sababu nje kuna theluji miezi mingi. Mkuu wa Karakana alikuwa kijana mpole, ananiita kwa heshima, na aliniomba niwe mkaguzi wa bunduki kabla hazijaingia kwenye mstari wa kupigia. Baridi ya kule ina mambo yake: mafuta yanaganda, bunduki ikitoka kwenye gari na kuingia kwenye joto inatoka jasho kama glasi, na jasho hilo ni kutu ya kesho. Nilikuwa nazifuta moja moja.

Siku moja kulikuwa na mashindano ya vilabu. Watu walikuwa wamesimama kwenye vyumba vyao vidogo, wote wanapiga kwa pamoja, jengo zima linatetemeka. Neema alikuwa amekuja kunichukua kwa gari, amesimama nyuma ya kioo. Katika chumba kilichokuwa karibu nami alikuwamo mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba wa nywele fupi, anapiga bastola yake taratibu. Milio ya wengine ilipopungua kidogo, nikasikia kwake mlio kama wa mtu amefunga kabati.

Nilimtafuta msimamizi wa uwanja kwa macho. Alikuwa upande wa pili, ameinamia mtu mwingine. Nilimtazama yule mwalimu. Aliitazama bastola, akakunja uso kidogo, akavuta nyuma kifuniko cha juu cha bastola, ganda likatoka, risasi mpya ikaingia. Aliinua mikono.

Ukutani kulikuwa na kitufe chekundu. Kikibonyezwa, taa zote zinageuka nyekundu na king'ora kinalia, kila mtu anaweka silaha chini. Ni cha msimamizi peke yake, na siku ya mashindano kukibonyeza ni kuwaharibia watu wote raundi nzima. Nilimwona yule bwana wa duka la dawa akivua viziba masikio vyake. Nilimsikia meneja wa Columbus. Nikajiambia, pengine ni kitu kingine, na wakati huo huo mkono wangu ukabonyeza.

Jengo lote likanyamaza. Yule mwalimu akaweka bastola chini, kidole chake kilikuwa tayari kimekunjwa. Watu walianza kunung'unika, msimamizi akaja mbio, uso mwekundu, akauliza ni nani. Nikainua mkono. Nikaonyesha bastola ya mwalimu.

Aliitoa risasi chemba. Akachukua fimbo, akaiingiza mdomoni mwa mtutu. Iliingia kidogo, ikagota.

Aliisukuma tena, ikagota pale pale. Akaninyanyulia macho. Yule mwalimu aliona, akakaa chini palepale alipokuwa. Mimi nilikwenda chooni nikatapika. Neema alinifuata, akanishika kichwa kama mimi nilivyokuwa namshika akiwa mdogo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba yameisha, mama, yameisha. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo kwanza yanaanza.

Kwa sababu nilikuwa nimeliona boksi lenye utepe wetu wa kijani kwenye meza ya yule mwalimu. Risasi zile zilitoka kwetu, Louisville, kwenye chumba kile kidogo, chini ya taa ile. Na tangu niondoke, aliyekuwa anakaa chini ya taa alikuwa Fundi Mkuu mwenyewe. Hakutaka kumwachia mtu mwingine.

Mkuu wa Karakana alisimamisha mauzo mchana ule ule. Tuligawana simu, yeye na mimi na wasichana wa ofisini, tukawa tunapigia klabu baada ya klabu: msipige risasi hata moja ya fungu lililojazwa pamoja na boksi lile, zirudisheni. Wengine walikuwa wameshazipiga bila tatizo. Wengine walisema wataangalia, na neno hilo, tutaangalia, lilikuwa linanikata maini. Kila simu iliyoita bila kupokelewa nilimwona mtu ameinua mikono uwanjani. Kisha Mkuu wa Karakana akaniambia, "Louisville wanasema mashine ni nzima. Wanataka mtu aende akaangalie. Nenda wewe, unakijua kile chumba."

Nilimkuta Fundi Mkuu amekaa chini ya taa, trei mbele yake, kama nilivyomwacha. Masharubu yalikuwa yamepungua. Alinitambua kwa sauti, na hapo tu moyo wangu ukashtuka, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake kwa muda kabla sijasema neno.

Nilivuta kiti. Tulikaa. Niliogopa kuanza kuliko nilivyoogopa kile kitufe.

"Yule mwanamke yupo salama?" aliuliza yeye kwanza.

"Yupo salama."

"Mashine inanasa," alisema. "Hewa ikiwa na unyevu, baruti inashikana kwenye bomba, ganda moja linapita bila kitu. Imekuwa hivyo siku zote. Ndiyo maana kuna taa."

"Ndiyo, mzee."

Akanyoosha mkono akaizima taa, akaiwasha tena, kana kwamba anaijaribu.

"Sioni chini ya ganda, Domitila. Naona ukungu tu. Nimekuwa nakagua kwa mazoea, nainamisha kichwa, napeleka mkono."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya baridi iliyopita."

"Kwa nini hukusema?"

Aligeuza uso upande wa sauti yangu. "Mke wangu amekufa. Mwanangu yuko mbali, anapiga simu sikukuu. Ningesema, asubuhi ningekuwa naamka naenda wapi?"

Mtu huyo alikuwa amekaa sakafuni kando yangu siku ambayo nilidhani nitafukuzwa. Nilitaka kumwambia si kitu. Lakini nilikuwa nimeiona fimbo ikigota. Nikamwambia, "Inabidi umwambie meneja leo. Nitakwenda nawe."

"Na nisipoweza kusema?"

"Nitasema mimi, na wewe utakuwa umesimama hapo."

Tulikwenda. Alisema mwenyewe. Alisema vizuri, bila kujitetea, mkono wake umenishika juu ya kiwiko, na aliponiachia niliona vidole vyake vimeacha alama. Meneja aliinamisha kichwa. Hakumfukuza, alimwambia aende nyumbani akatibiwe. Kilikuwa kile kinachoitwa mtoto wa jicho, na madaktari walikitoa. Aliona tena. Mara ya kwanza kunitazama baada ya upasuaji alinikodolea kwa muda mrefu akasema, "Hakuna aliyeniambia kwamba umekuwa bibi." Tulicheka mpaka machozi. Meneja alimwomba arudi, akakataa. Alisema sasa anaona vizuri mno, angeogopa hata kugusa trei. Alifariki miaka michache iliyopita. Bahati alikuja mazishini, akachukua zamu yake ya kubeba jeneza pamoja na wazee wa klabu.

Mimi nilirudishwa Louisville kuishika taa, na Neema akabaki Buffalo. Tulipata nyumba mtaa wa Highview. Nilifanya kazi pale mpaka asubuhi moja, nikiwa nimeinamia trei, nikajiuliza kama hili nililoliona ni giza la ganda au giza la jicho langu. Lilikuwa swali tu. Nikamwaga trei. Nikajaza nyingine, swali likarudi. Nikazima taa, nikavua miwani ya kinga, nikaenda kwa meneja nikamwambia nimemaliza.

"Maliza wiki basi," alisema. "Tumwandae mtu."

"Hapana, bwana. Leo."

Daktari aliniambia baadaye kwamba macho yangu yalikuwa mazuri kwa umri wangu, ningeweza kuendelea. Sikujuta. Ukishaanza kujiuliza pale, mtu fulani mahali fulani ameinua mikono yake anakuamini, na hana namna ya kujua kwamba wewe unajiuliza.

Wanangu, watu hudhani ukistaafu unapumzika. Mimi napanda maua, nakwenda kanisani, napika, na Bahati ananisomea habari kwa sauti akikosoa kila kitu. Lakini kuna jambo moja halijaisha, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Katika mafungu yote aliyokagua Fundi Mkuu tangu macho yake yaanze kufifia, tuliyafuatilia maboksi yote, yaliyopigwa na yaliyobaki, isipokuwa moja. Aliyelinunua alikuwa amehama, simu yake ilikuwa imekufa, klabu yake haikujua alikokwenda. Tulimtafuta sana. Halikupatikana. Huenda alizipiga zote na hakuna kilichotokea. Huenda alilitupa. Au limekaa kwenye kabati la gereji, nyuma ya makopo ya rangi, linasubiri mtu atakayelirithi na kufurahi kwamba amepata risasi za bure.

Ni boksi la karatasi la kahawia, lina utepe wa kijani pembeni, na halina maandishi ya kiwanda. Kama umelinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu, au mjomba amekuachia, au umelikuta kwenye nyumba uliyopanga, nakuomba, usitie hata moja kwenye chemba. Lipeleke kwa fundi yeyote aliye karibu nawe azifungue. Na kama umeshaanza kuzipiga, ukasikia mlio mdogo kama wa mtu amefunga kabati, simama hapo hapo ulipo, usivute tena. Watu watanung'unika. Waache wanung'unike.